Taa Niliyoiitikia

Gereji, chumba cha nyuma,
mlango wa bluu unaozuiwa na tairi.
Jumapili asubuhi, tarehe 14, mwezi wa sita.

Mpendwa dada,

Shikamoo. Najua hukuitegemea shikamoo kutoka kwangu, maana tangu utoto nilikuwa nakuamkia pale tu ninapotaka kitu. Basi na leo nataka kitu, ila nitakuambia mwishoni. Pokea shikamoo yako kwanza, uiweke mfukoni.

U hali gani huko kwenye baridi? Kile kikohozi kimekwisha au bado unakifuga? Shemeji hajambo? Bado anakoroma mpaka majirani wanahama? Na mpwa wangu, meno ya mbele yameota? Mwambie mjomba wake anasema asiogope pengo, mimi nilikaa nalo miaka miwili na bado nilikuwa kijana mzuri kuliko wote darasani. Mzuri wa sura, nasema. Masomo hatuyazungumzii.

Huku sote tunapumua. Mama hajambo, mguu unamsumbua asubuhi lakini mdomo hausumbuliwi na kitu. Baba yako naye hajambo, ana afya yake. Nitamrudia.

Mwandiko usiucheke. Wewe ndiye uliyesoma mpaka ukavaa miwani. Mimi niliiacha shule ikiwa bado inanihitaji. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu una tabia ya kukatiza, na mimi nikikatizwa nageuza kila kitu kuwa mzaha halafu tunaagana hatujasema lolote. Karatasi haikatizi mtu.

Kifurushi chako kimefika Jumanne. Ovaroli ni nzuri, dada, sijawahi kuiona ya namna hiyo hapa kwetu: bluu nzito, vifungo vya chuma, mfuko mrefu wa spana pajani, na pale kifuani uliposhonesha neno FUNDI kwa uzi mwekundu. Barua uliyoitia mfukoni nimeisoma mara tano. Unanishukuru kwa kumtunza baba. Unasema amekuambia kwamba mimi ndiye niliyeona magoti yanamtesa nikamshauri apumzike kuosha magari, na mimi ndiye niliyezungumza na Bosi ili aondoke kwa heshima. Unasema, "Sikujua kama umekuwa mtu mzima."

Ovaroli sijaivaa. Ipo kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila nikiamka ndiyo ya kwanza kuniona.

Dada, baba yako, baba mdogo wangu, hakuacha kazi kwa sababu ya magoti. Alifukuzwa. Na aliyesababisha afukuzwe ni mimi.

Nakuomba usichukue simu sasa. Soma mpaka mwisho, ndipo uichukue.

Kwanza ujue kwamba mimi ni fundi kweli. Hilo liwe wazi, maana ukisikia yanayofuata utadhani hapa nimewekwa ili nishike tochi. Injini ikikohoa naisikia kabla gari halijaingia getini. Bosi aliwahi kusema mbele ya watu kwamba mikono yangu ina akili kuliko kichwa changu. Niliichukua kama sifa. Siku hizi naichukua vingine.

Na katika ufundi wangu wote, kulikuwa na mchezo mmoja ulionipa jina mtaa mzima: kufunga beringi ya gurudumu nikiwa nimefungwa kitambaa machoni. Beringi, kwa wewe uliyesoma mambo mengine, ni ile pete nene ya chuma yenye gololi ndani, inayolifanya gurudumu lizunguke bila kunung'unika. Ikizeeka, gari linavuma kama nyuki ndani ya debe. Inatolewa kwa presi, ile mashine ya kuminya chuma, na mpya inaingizwa kwa presi. Kwenye magari ya zamani haina mbele wala nyuma, upande wowote unaingia tu. Kwa hiyo nilikuwa nafungua gurudumu kwa macho yangu, tukifika kwenye presi nafungwa kitambaa, napapasa, nasawazisha, naminya, na mchomeleaji wa hapa jirani ananunua soda. Nimekunywa soda nyingi sana za yule mchomeleaji.

Sasa, wiki sita zilizopita, siku ya Jumatatu, likaletwa gari la Mkunga. Mkunga unamjua, ndiye aliyempokea mwanao ulipokuja kujifungulia nyumbani. Siku hizi zahanati imempa gari la juu, la kijivu, lile la tairi zote nne kuvuta, ili awafikie wajawazito wa kule mlimani. Lilikuwa linavuma gurudumu la nyuma kushoto. Mtoto wa juzi angejua ni beringi.

Bosi alikuwa anatoka kwenda kutafuta vipuri. Akasimama getini akaniambia, "Gari za siku hizi beringi zina uso. Uangalie." Nikamwambia sawa. Hiyo sawa yangu wewe unaijua, ndiyo ile niliyokuwa nakujibu ukinituma maji huku naendelea kupiga mpira.

Mchomeleaji akaiweka soda juu ya benchi. Wakakusanyika watu sita. Nikafungwa kitambaa, tena nikawaambia wakaze zaidi, wasije wakasema nilichungulia. Nikapapasa, nikasawazisha, nikaminya. Nilipofunguliwa, beringi imelala mahali pake kama yai kwenye kiota. Nikafunga gurudumu, nikalizungusha gari mara mbili nyuma ya gereji, kimya kabisa, hakuna nyuki hakuna debe. Watu makofi. Nikalipeleka kwa baba mdogo lioshwe, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika soda.

Wewe hujawahi kumwona baba akiwa kazini hapa, kwa hiyo nikueleze. Baba mdogo haoshi gari kabla hajaziita taa. Zamani, kule alikokuwa anaoshea kabla ya hapa, alisingiziwa kwamba alimwagia maji redio ya mtu ikafa, na maneno yale hayakumtoka. Tangu hapo ana utaratibu wake. Anakaa kwenye kiti cha dereva, miguu yote nje asichafue zulia, anawasha swichi bila kuwasha injini. Taa zote za dashibodi zinawaka pamoja, halafu zinazimika moja moja. Inayobaki ndiyo yenye neno. Hiyo anaiita kwa sauti kubwa, kama mwalimu anayeita majina asubuhi, na aliyeleta gari lazima aitikie, "Nimeona." Hujaitikia, haoshi, hata uwe nani. Vijana tulikuwa tunamcheka. Jina la Meneja wa Taa nilimpa mimi.

Siku ile ilibaki taa moja. Akaiita.

"Ya njano! Kigari chenye mikia miwili iliyojikunja!"

Hiyo, dada, ni taa ya mfumo unaozuia gari lisiserereke. Gurudumu likitaka kuteleza kwenye tope, kompyuta inalikamata hilo moja kwa breki mpaka litulie. Taa ikibaki inawaka, maana yake mfumo umejiondoa kazini, na dereva amebaki peke yake na barabara. Hayo nayajua vizuri. Niliyajua na siku ile.

"Nimeona, Meneja," nikamjibu. "Osha tu, hiyo itajizimikia."

Akanitazama. "Una hakika, mwanangu?"

"Kwani hapa nani fundi?"

Wale watu sita walionifuata wakacheka. Baba mdogo naye akacheka kidogo, ile ya kumridhisha mtoto. Akaosha.

Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi Mkunga akaja gereji kwa miguu, viatu mkononi, tope mpaka magotini. Alikuwa ameitwa alfajiri kwa mama mmoja kule juu, na kwenye kona ya mteremko gari likamgeuka, mkia ukatangulia, likaingia mtaroni. Yeye hakuumia. Alimalizia kilima kwa miguu, mkoba kichwani, na mtoto akazaliwa salama, wa kike. Hakupiga kelele, dada. Afadhali angepiga. Alisema tu kwamba aliiona taa ya njano tangu jioni, akadhani haina neno, kwa kuwa gari limetoka kwa mafundi.

Bosi akatuita wote. Akauliza nani alilishika gari lile mara ya mwisho.

Ningeweza kusema. Nilikuwa na muda wa kutosha, maana nakumbuka niliona mpaka nzi akitembea juu ya nati. Badala yake mdomo wangu ukasema, "Kwangu lilitoka zima. Liliharibikia kwenye kuoshwa. Mashine ya maji imeingiza maji kwenye sensa."

Baba mdogo alikuwa anasugua gari jingine. Akaiweka brashi chini taratibu.

"Mwanangu," akasema, "nilipoita taa uliitikia nini?"

"Hukuita taa."

Watu sita waliocheka jana yake hawakuwa na masikio tena. Mchomeleaji alishusha kile kinyago chake cha kuchomelea akaendelea na kazi, na sidhani kama amewahi kuchomelea geti la mtu kwa bidii vile. Baba mdogo alinitazama kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba anayoijua na haupati. Aliimwaga ndoo, akaigeuza chini juu kama anavyofanya kila jioni, ila ilikuwa saa tatu asubuhi. Bosi hakumwacha hata amalizie lile gari. Lilibaki upande mmoja una povu mpaka likakaukia.

Basi Bosi akaniachia gari la Mkunga lililovutwa kutoka mtaroni, akaniambia nilitengeneze, mengine yote niache.

Sikiliza nilivyohangaika. Mashine ya kupimia ikasema gurudumu la nyuma kushoto halileti mwendo. Kila gurudumu lina sensa yake, kijicho kinachohesabu mizunguko na kupeleka habari kwa kompyuta. Nikamweka kijana wa tairi aendeshe pole pole, mimi natazama kwenye mashine: magurudumu matatu yanasema ishirini, la nne linasema sifuri. Yaani gari linakwenda na gurudumu moja limelala! Kompyuta ikiona mambo hayo inasema lawama sitaki, inawasha taa inakaa pembeni.

Na mimi nikafurahi, dada. Nikajiambia, si unaona, sensa imeingia maji kweli. Niliposema uongo kumbe nilisema kweli. Nikaichomoa mbio. Ilikuwa kavu kama unga. Nikaipangusa na kuipuliza hata hivyo, labda maji yaje.

Nikaihamishia kulia, ile ya kulia nikaileta kushoto. Sifuri ikabaki kushoto. Nikafunga sensa mpya kutoka kwenye boksi lake. Sifuri. Nikaufuata waya kwa mita kutoka gurudumuni mpaka kwenye kompyuta, chini ya zulia, chini ya kiti, nimelala chali vumbi jeusi la breki linaniangukia machoni. Waya mzima. Nikasafisha pini za soketi kwa mswaki, mswaki wangu mwenyewe. Sifuri. Siku tatu. Kila kisingizio nilichokipima kilitoka hakina kosa, na mwishoni kulibaki kitu kimoja tu ambacho hakijapimwa, ambacho nilikuwa nakizunguka tangu siku ya kwanza kama mbwa anayezunguka nungunungu.

Ijumaa mchana nikaitoa beringi.

Ni kweli zina uso. Upande mmoja una ukanda mweusi, ukiuona utadhani ni mpira wa kuzuia vumbi, kumbe ndani yake zimepangwa sumaku ndogo ndogo, na hizo ndizo sensa inazozihesabu. Uso huo lazima uelekee ndani, iliko sensa. Sumaku hazionekani, unazijua kwa kupitisha pini. Nikaipitisha pini upande uliokuwa unatazama ndani. Ikaanguka. Nikaigeuza beringi, nikapitisha pini upande uliokuwa nje. Ikanasa.

Nilikuwa nimelivalisha gari miwani kisogoni. Na nilifanya hivyo nikiwa nimefungwa kitambaa, mbele ya watu, kwa soda.

Nilikaa pale chini ya presi na pini ile mpaka kijana wa tairi akauliza kama naumwa.

Nikaenda dukani nikachukua beringi mpya, maana hiyo ikishang'olewa hairudi. Nikaifunga macho wazi, nimepitisha pini mara tatu. Nikawasha. Taa zote zikawaka, zikazimika zote. Nikalipeleka mpaka barabara ya vumbi na kurudi, kile kigari cha mikia hakikuonekana tena. Bosi akanipiga begani. Mkunga akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, dada, mikono ile iliyompokea mwanao, akasema Mungu aibariki mikono yako. Mchomeleaji akaleta soda.

Nimeahidi kukuandikia yote, kwa hiyo na hili naandika. Niliinywa. Niliinywa yote.

Baada ya hapo nikajiambia nitasema Jumatatu. Jumatatu ikifika nasema, Bosi leo amekasirika, nitasema ijayo. Ulimi huu unaojisifu mchana kutwa, siku hiyo unakuwa mzito kama jeki ya lori.

Nilikuwa naenda kwa baba mdogo, usidhani nilimkimbia. Nilifikiri atanitukana nipumzike. Ananikaribisha, ananimiminia chai, ananiuliza gari gani limekuja leo. Ndipo nilipojua ya magoti. Majirani walipomuuliza mbona yuko nyumbani aliwaambia ni magoti, na ili wasitie shaka akawa anachechemea. Meneja wa Taa, dada, mtu asiyeosha gari bila shahidi! Jirani akipita, anashika goti. Jumatano moja nilimkuta anachechemea mguu wa kushoto. Alhamisi alikuwa anachechemea wa kulia. Nilicheka. Nilitoka nje nikacheka mpaka nikaona sicheki tena, naegemea ukuta tu.

Kisha Jumanne ikaja ovaroli yako.

Niliibeba kama ilivyo ndani ya mfuko nikaenda nayo kwa baba. Nikaiweka mbele yake nikamwambia, baba mdogo, beringi niliigeuza mimi, taa ulikuwa umeiita, na nilikuitikia. Nilikuwa nimejipangia maneno mengi, yakaisha hapo hapo.

Akasema, "Najua. Si ulifungwa kitambaa wewe? Mimi sikufungwa."

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza, na kwa nini alikuandikia wewe kwamba mimi nimemtetea. Akasema ningefukuzwa, na mtu akifukuzwa kazi yake ya kwanza kwa kosa la namna ile hagusi tena spana maisha yake, na yeye ana umri ambao ndoo anaipata popote. Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya sabuni. Halafu akaigusa ile ovaroli, akaligusa neno la kifuani.

"Lakini mwanangu yule aliyeituma hii sijawahi kumdanganya," akasema. "Hata mama yake alipokuwa mgonjwa nilimwambia kweli. Nimekuja kujifunza uzeeni, na umenifundisha wewe."

Dada, mimi nimepigwa na Bosi kwa mkanda wa feni. Hayo maneno ndiyo yaliyoniumiza.

Jumatano, saa ya chai, wote wapo, nikasimama juu ya lile benchi la soda nikasema. Sikusema vizuri. Nilianza na mzaha, ukafa njiani. Nilipofika mahali pa "Hukuita taa," nilikuwa natazama viatu vyangu. Bosi hakupiga kelele. Akaninyang'anya ufunguo wa sanduku la spana akautia mfukoni, akaenda kule mahali pa kuoshea, akarudi na ndoo ya pili, iliyopasuka mkono, akaniwekea miguuni. Mchomeleaji akasema kwa sauti ndogo, "Hata mimi nilisikia." Bosi akamwambia, "Wewe nyamaza, wewe utalipaka rangi geti langu."

Kwa Mkunga nilikwenda mwenyewe jioni ile ile. Alinisikiliza huku anakunja vitambaa. Nilipomaliza akasema, "Yule mtoto wa siku ile wamempa jina langu. Nenda ukamwone." Nikadhani ni adhabu ndogo. Nikakipanda kile kilima, nikapita kwenye ile kona, alama za tairi bado zipo ukingoni, na mtaro ungezidi kina kidogo tu sijui ningekuandikia nini leo. Nikapewa mtoto nimshike. Ana wiki sita. Alikishika kidole changu hiki chenye grisi isiyotoka, hakujua ni cha nani.

Bosi naye alikwenda kwa baba mdogo Alhamisi, kofia mkononi, kumwomba arudi. Na hapa ndipo unapoingia wewe. Baba amekataa. Hakasiriki, amekataa tu. Amesema hivi: akirudi kazini leo, utamuuliza magoti yamepona lini, na yeye itabidi atafute uongo wa pili wa kuushikilia wa kwanza. Hatarudi mpaka wewe uwe umeijua kweli, na uijue kwa mkono wa aliyefanya, si kwa mdomo wake. Nilimwomba nikupigie. Akasema, "Kwenye simu utamchekesha. Andika."

Unaona anavyonijua.

Kwa hiyo sasa hivi anayeosha magari ni mimi. Ndoo ya baba sikuigusa, iko vile vile alivyoigeuza. Natumia ile iliyopasuka mkono. Na taa naziita, dada. Nakaa miguu nje, nawasha swichi, nasubiri zizimike, inayobaki naiita mpaka mtaa wa pili wanasikia. Wamenipa jina la Naibu Meneja. Sina la kusema, jina la kwanza si nililitunga mwenyewe? Jana dereva mmoja wa lori nilimwitia taa ya mafuta akaniambia, "Osha bwana, kelele za nini?" Nikamwambia hujaitikia sigusi maji. Tukabishana. Mwisho akasema "nimeona" kwa hasira. Hata ya hasira inatosha. Nilishangaa jinsi inavyotuliza moyo.

Ovaroli uniambie niifanyeje. Nikurudishie, au nimpe kijana wa tairi. Nilitaka angalau nichomoe ule uzi mwekundu wa kifuani, lakini aliyekushonea ameshona mara mbili, na kwa wembe nikaogopa kuchana kitambaa.

Sikuombi unisamehe. Ukitaka kunitukana nitukane, najua unavyotukana, nimekulia chini ya ulimi wako na bado nina afya. Ninachokitaka, kile nilichokuambia mwanzoni kwamba nitakisema mwishoni, ni kitu kidogo. Ukimaliza kusoma, mpigie baba. Usimuulize habari za magoti. Usimuulize kwa nini. Usimtajie hata jina langu, atakuja kunitetea tena na mimi sina nguvu ya kutetewa mara ya pili. Yeye ni kama amekaa wiki sita kwenye kiti cha dereva miguu nje, ameiita taa, na mimi niliyepaswa kuitikia nilikana. Itikia wewe. Mwambie neno moja tu, nimeona. Mengine mzungumze ya mpwa wangu na meno yake.

Nitajua kama umepiga. Sitahitaji kuambiwa. Nitatoka asubuhi nikute ile ndoo imegeuzwa mdomo juu, na mzee anatembea kwa miguu yote miwili.

Mama anakusalimu, anasema ule kitambaa ulichomwahidi bado anakisubiri, yeye hana haraka, anakumbusha tu kila siku. Bosi anakusalimu. Msalimie shemeji, mwambie alale ubavu. Mbusu mpwa wangu pale penye pengo.

Mungu akujalie kila unapoanza safari taa zako zote ziwake, kisha zizimike zote.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na leo ninayekuogopa,
Naibu Meneja wa Taa.